Bilatu ya Papa ku njia ya Lubudi

Tangu nilirudia, kila muntu hapa Musonoi ananiuliza neno moja: "Trezo, ulitoka na bilatu ya mine yenye kun'gaa, unarudia nayo ku shingo na sandali ya pine ku miguu. Ni nini ilikupata?" Bon. Mi sina nguvu ya kuhadisia muntu mumoja mumoja, leo ku bomba ya mayi, kesho ku mulango ya kanisa. Nilikuwa naandika mu kaye kila siku ya njia. Sasa nakusanya yote hapa, musome, kiisha muniache nipumuzike. Mambo ya karatasi na ya kutafuta kinga, ile baiskeli ya kukopa, nayaruka. Haina butamu.

Kwanza mujue juu ya nini nilienda. Yaya Bea, dada yangu mukubwa, alikuwa anaolewa Lubudi, samedi, ile Jumamosi. Na mu kanisa yetu munajua: bibi-arusi hatembei kuingia, anachezeshwa kuingia. Hatua moja mbele, nusu nyuma, kwaya inaimba, mpaka mbele kabisa. Na mwanaume wa kwao njo anamushika mukono. Kama hakuna muntu wa kwao wa kumushika, bantu banasema huyu alitoka ku nyumba ya nani?

Mama yetu hayuko tena. Papa njo alipaswa kumushika. Lakini Yaya Bea aliacha masomo ya infirmière, kazi ya kutunza bagonjwa, juu ya kuolewa na Samuel, mulimaji wa mahindi kule Lubudi, na Papa alikasirika. Ye alitumika ku mine, kule kuchimba shaba, mpaka nywele ikawa nyeupe. Kwake, mwanaume ni ule mwenye kuvaa bilatu ya kazi. Alisema mbele ya bajirani bote: "Muguu yangu haitafika Lubudi." Neno kama ile, Papa hairudishi.

Nilibakia mi.

Kutoka Musonoi

Treni ya Lubudi haina siku. Lundi, Jumatatu, nilienda ku gare ya treni, muntu wa pale aliniambia: "Labda." Mardi, kesho yake, nilirudia, alisema tena: "Labda." Mi sijui kungojea labda. Mercredi, siku ya tatu, mbele ya juba kutoka, nilisukuma kinga kufika ku mulango ili nitoke polepole, Papa asilamuke.

Ku mulango nilikuta bilatu yake ya mine. Ile ya ngozi, yenye chuma ku bidole. Alikuwa ameipakala siraji mpaka unaweza kujiona ndani. Na sauti yake ikatoka nyuma ya rido, ile pazia ya chumba yake:

"Trezo."

"Papa."

"Vaa ile."

"Papa, we unavaa arobaini na moja. Mi ni arobaini na mbili."

"Bilatu ya kazi inapanuka."

"Naenda ku ndoa, siendi ku mine."

Kitanda yake ililia. Nilifikiri alirudia kulala. Kiisha akasema, polepole sana: "Nilisema miguu yangu haitafika. Bilatu sikuisema. Ifike mu kanisa. Unasikia? Mpaka mbele."

Nilivaa. Soseti mbili, moja juu ya ingine, juu nilifikiri nguo mingi inalinda. Na kamba nilifunga sawa Papa alitufundisha tangu butoto: vuta mpaka inauma, kiisha vuta tena, juu ku mine bilatu yenye kulegea inaua muntu. Ni kweli. Lakini kinga haiko mine, na hakuna muntu alinifundisha tofauti.

Vraiment, sitawadanganya, nilijisikia muntu. Ku kando ya shimo kubwa, bachimbaji balikuwa banashuka na mifuko yabo, mumoja akaniita: "Chef! Kuko kazi kwenu?" Mi chef! Nilikanyanga pedali na nguvu mupya. Kule Kingamyambo, fasi banatupaka takataka ya mine, vumbi ilikuwa imesimama mu mupepo, nyeupe, laini, sawa muntu alitupa bunga na ikakatala kuanguka. Juba ilitokea ndani yake bila miale, mviringo tu, sawa kopo ya shaba. Sikusikia ata kelele ya makamyo, yale malori ya mine. Nilikuwa naenda ndani ya ile bunga na nilifikiri: kama dunia yote ni hivi, nitafika Lubudi leo.

Milima, na muntu wa makala

Miguu ilianza na sindano. Kidogo, chini ya bidole. Sikuiangaria. Kiisha sindano ikageuka makala, sawa nakanyanga moto kila mara pedali inashuka. Chuma ya mbele ilikuwa imekunywa juba yote. Nilisema: haraka, haraka, nikifika itaisha. Nikakanyanga zaidi. Na kweli, ilipita. Sikusikia tena moto, sikusikia tena kitu. Miguu ilikuwa inazunguka kule chini sawa miguu ya muntu mungine, na mi nilikuwa naiangaria kutoka juu, na njia nyekundu ilikuwa inapita katikati yake polepole, nzuri sana, sawa ndoto ya muchana.

Mu ile ndoto njo nilianguka. Ku mulima nilitaka kuweka muguu chini, na muguu haikujua kama chini iko wapi. Nikaenda na kinga yote mu majani.

Nilisikia shene ya kinga ingine inakuya, kri, kri, bila haraka. Muntu akasimama. Alikuwa na magunia tupu ya makala imefungwa nyuma, na ku miguu sandali ya pine, ile ya kukata na kisu.

"Enjenyeri," akasema, "mine iko chini ya bulongo. Mu majani hautaiona."

"Siko enjenyeri."

"Bilatu inasema ingine."

Njo nilijua Tata Ilunga. Anasukuma makala mpaka Kolwezi, anauzisha, anarudia na magunia tupu kwake, karibu na Tenke. Ile njia, miguu yake inaijua kuliko macho yake. Aliikala pembeni yangu, akaangaria kamba ya bilatu, akacheka mpaka akakohoa.

"Ulifunga miguu sawa mbuzi ya soko! Nani anakimbia? Bidole?"

"Papa yangu anafungaka hivi."

"Papa yako anafungaka hivi akiwa amesimama ku shimo. We uko ku kinga. Sikia: muguu ya asubui na muguu ya muchana haiko saizi moja. Ya muchana ilikula juba, ilivimba. Na we uliipatia nyumba ya asubui, tena na soseti mbili. Itaikala wapi?"

Aliniambia nilegeze kamba kila mara juba inapanda. Nitoshe soseti moja. Ku mushuko nichezeshe bidole ndani ya bilatu, damu ishuke. Ku mupando nishuke ku kinga, nitembee, siyo juu ya kuchoka, juu ya kupatia miguu kazi ingine. Na akaangaria ginsi nilipanda tena.

"Ayi! Unakanyanga na ncha ya bidole sawa mama mwenye kuogopa matope. Kiti yako iko juu sana, njo juu ya ile. Ngoja tuishushe."

"Tata, sina wakati. Samedi lazima niikale Lubudi."

"Kushusha kiti ni kukojoa tu, inaisha."

"Nitaishusha mbele."

Nililegeza kamba ya muguu moja, juu ya kumufurahisha, na nikamuacha na shene yake ya kri kri. Nilienda mbio. Juba ilikuwa imepanda kidogo tu wakati nilikuwa tena chini, ku kando ya njia, nashika muguu na mikono mibili. Kri, kri, kri.

"Enjenyeri! Tena?"

Hakusimama. Alipita akitikisa kichwa. Nilimufikia, nikamupita. Kiisha ye akanipita, nimekaa. Mara ya tatu alinipungia tu mukono sawa unapungia treni. Mbele ya kupotelea ku kona akaita: "Nyumba yangu iko pembeni ya reli, mbele ya kufika Tenke! Utaona makala! Kama ungali na miguu!"

Mugini yenye ilinifunga

Hii sehemu njo munapenda nihadisie, naona munashaanza kucheka.

Jeudi, siku ya pili ya njia, karibu ya muchana, niliingia mu mugini moja kando ya barabara. Manyumba kidogo, mahindi imekauka ku paa, mama mumoja anauzisha bilazi ya kuchoma. Miguu ilikuwa imekufa tena. Nilikuwa nimegundua kama nikitembea hatua kubwa kubwa, nikihesabu, damu inarudia. Basi niliegemesha kinga, nikaanza: moja, mbili, tatu, kutoka ku muti mpaka ku nyumba ya mwisho. Nilifika, nikatosha kaye, nikaandika hesabu, juu nilitaka kujua hatua ngapi zinatosha. Nikageuka, nikarudia: moja, mbili, tatu.

Nilipoinua macho, bantu balikuwa bamesimama ku milango yote. Mama wa bilazi alisimama katikati ya njia, na kijiti ya moto mu mukono.

"Mutoto ya mama, unapima nini?"

"Napima... natembea tu, mama."

"Natembea tu, na kaye? Na bilatu ya kampuni?"

Muzee mumoja akasema: "Kule kwa bandugu yetu ilianza hivi. Kijana alikuya na bilatu kama hii, akahesabu hatua. Kiisha bakaambiwa bahame, na mashamba, na makaburi."

"Hapana, tata, mi naenda ku ndoa!"

"Na bilatu ya mine? Ku ndoa?" Balicheka, lakini haikuwa kucheka ya muzuri.

Baliniikalisha ku kiti, katikati ya bantu bote. Kaye yangu balipatia kijana mwenye alisoma, asome kwa sauti. Akasoma: "Kutoka muti mpaka nyumba ya mwisho, hatua makumi tisa." Bantu bakaguna. Akafungua ukurasa ingine: "Leo bidole inaunguza, Mungu wangu." Akaangaria wenzake.

Shefu wa mugini alikuwa bibi, mama mukubwa, mufupi, na kitambaa ya buluu ku kichwa. Alinisogelea. "Anaandika mambo ya bidole," akasema. "Tosha bilatu, tuone."

Nilitaka kukatala. Ilikuwa bilatu ya Papa, mbele ya bageni. Lakini bantu balikuwa wengi. Nilifungua kamba. Kutosha ya kwanza ilichukua wakati, bamama babili balivuta, mumoja akaanguka nyuma. Soseti ya kwanza. Soseti ya pili. Na miguu ikatoka.

Ilikuwa imevimba sawa mikate. Bidole yote nyekundu, alama ya kamba imeandikwa juu ya ngozi, chini kuko malengelenge ya mayi. Bantu bote balikuwa banaangaria miguu yangu.

Shefu alianza. Kicheko yake ilitoka kwa tumbo. Kiisha mugini yote.

"Huyu?" alisema, akipanguza macho. "Huyu haiko muntu wa kampuni! Muntu wa kampuni anakuyaka mu motokari! Miguu ya kampuni ni laini! Huyu ni maskini wa Mungu!"

Mama wa bilazi alitupa kijiti, akaniletea bilazi mbili na kikombe ya munkoyo ya baridi. Munkoyo ile, na butamu ya mahindi na chungu kidogo ya mizizi, sitaisahau. Balitia miguu yangu mu beseni ya mayi ya kisima. Siyo ya moto, shefu alikatala moto: "Ilisha kuungua, unataka kuipika?" Balinilalisha ku mukeka, miguu juu ya gunia ya mahindi, ili kuvimba kushuke. Nilisema: mama, niko na haraka, samedi. Aliniambia: "Haraka yako njo ilikuvimbisha."

Nililala pale muchana yote. Wingu ilikuwa inapita juu ya paa, na kila mara mutoto wa kike mudogo alikuya kugusa bidole yangu na majani, aone kama ninasikia. Kidole ya tatu, nilisikia. Ile ya ine pia. Nilifurahi sawa nilipata bandugu wa zamani. Lakini siku ilipotea, na mu roho nilikuwa naona Yaya Bea anasimama ku mulango ya kanisa, anaangaria njia.

Tenke, na pori nyekundu

Vendredi, siku moja mbele ya ndoa, nilivaa bilatu tena. Soseti moja, kamba ya kulegea. Ilikuwa nzuri kidogo, kiisha ngozi yenye ilikuwa imeshapasuka ikaanza kushikana na ngozi ya bilatu. Njia ilipanda. Nilishuka, nikatembea. Haikusaidia. Bilatu ilikuwa arobaini na moja, mi arobaini na mbili, na ile namba moja kati yetu ilikuwa inanikula.

Makala niliyaona mbele ya nyumba: ndogo, nyeusi, imepangwa vizuri. Tata Ilunga alikuwa anashona gunia. Hakushangaa.

"Enjenyeri. Ungali na miguu?"

"Kidogo."

Bibi yake, Mama Kabwe, alikuwa anapanga masuku mu beseni, yale matunda ya pori ya kwanza ya mwaka, manjano, na mbegu kubwa. Alinipatia mukono mujazo. Nilikula nikitema mbegu, na nilibahadisia yote: Papa, neno yake, bilatu, ndoa ya kesho asubui.

Tata Ilunga alivua sandali zake, akazisukuma mbele yangu na muguu.

"Vaa."

"Siwezi. Papa alisema bilatu ifike mu kanisa."

"Utafika bila miguu juu ya bilatu?"

"Papa alisema."

Njo Mama Kabwe aliinua kichwa. "Alisema namna gani? Sema vile alisema ye."

"Alisema: bilatu ifike mu kanisa, mpaka mbele."

"Bon. Alisema na miguu yako ndani?"

Nilifikiri. Nilirudia mu kichwa kila neno yenye ilitoka nyuma ya rido. Hapana. Hakusema.

"Basi," alisema Mama Kabwe, na akarudia ku masuku yake.

Tata Ilunga hakuniuliza tena ruhusa. Alishusha kiti ya kinga, ile kazi ya kukojoa yenye nilikatala. Alikata shambreri ya zamani, ile mupira ya ndani ya pine, akafunga pedali zangu mpaka zikawa pana na laini, juu zilikuwa chuma tupu. Akanipandisha, akashika kisigino yangu na mukono yake nyeusi ya makala, akaisogeza mbele.

"Hapa. Nyuma kidogo ya bidole, fasi yenye muguu ni munene. Hapa inaweza kubeba. Bidole ikuwe bageni tu, iangarie. Na usikanyange sawa unaua nyoka. Zungusha. Nyepesi. Unaenda ku ndoa."

"Sandali nitakurudishia siku gani?"

"Siku yenye utapita."

Ye alibakia miguu tupu mbele ya nyumba yake. Niliangaria nyuma mara mingi.

Kutoka pale mpaka mangaribi sijui nitasema namna gani. Munajua miti ya pori mu mwezi wa kumi, mbele ya mvula: majani mupya haiko ya kijani, ni nyekundu. Nyekundu, ya shaba, ya divai. Njia ilikuwa nyekundu, miti nyekundu, mwangaza mwenye kushuka katikati yake pia. Mupepo ilikuwa inapita katikati ya bidole yangu. Nilikuwa nasikia kila kidole, moja moja, sawa kusikia majina ya batoto mu klase. Bilatu ya Papa ilikuwa ku gido, pale mikono inashikaka, imefungwa na kamba zake zenyewe, inagongana polepole, to, to, to, sawa muntu anatembea pembeni yangu. Mara moja nilisahau, nikasema: "Papa, angaria ile ndege." Kiisha nilikumbuka, na sikuona haya.

Mvula ya kwanza ilinipata pale. Matone kubwa, ya moto. Sikusimama, ata wakati usiku iliingia. Nilitia bilatu ndani ya shati yangu isilobe.

Lubudi

Nilisikia kwaya mbele ya kuona kanisa. Samedi, juba ilikuwa imeshapanda, na nilijua ile wimbo: ya kuingia. Nilikanyanga sawa sikupaswa kukanyanga, naua nyoka yote ya Lubudi, na Tata Ilunga anisamehe.

Yaya Bea alikuwa ku mulango na nguo nyeupe, peke yake. Wimbo ilikuwa inaisha na inaanza tena, inaisha na inaanza, kwaya ilikuwa inamungojea. Shangazi wa Samuel alikuwa anamwambia kwa sauti ndogo: "Tuingie, mwanangu, hakuna muntu anakuya." Na Yaya Bea alikuwa anasema: "Ngoja kidogo, mama. Ngoja kidogo."

Niliacha kinga ianguke.

Aliniangaria kutoka kichwa, vumbi na mvula imekuwa matope, mpaka ku sandali. "Trezo, hivi njo unakuya ku ndoa yangu?" Alikuwa anacheka na kulia. Kiisha akaangaria nyuma yangu, ku njia. Aliangaria murefu.

"Papa?"

Nilitosha bilatu mu shati. Nilisema: "Miguu ilikatala. Hii ilikubali."

Alizijua mara moja. Siye bote babili tulizipakalaka siraji tukiwa batoto, kila siku ya Mungu mangaribi. Alizishika, akapitisha kidole ku chuma ya mbele, akanirudishia.

"Beba," alisema. "Mukono moja mi, mukono ingine ye."

Hivyo njo tuliingia. Hatua moja mbele, nusu nyuma. Sima chini mu kanisa, ile saruji, ilikuwa ya baridi, niliisikia kupitia pine, kila hatua, kisigino, katikati, bidole. Kama ingekuwa juzi, ningeanguka ku banc ya kuikalia ya tatu. Bantu balikuwa banaangaria bilatu na banaulizana, na mi sikuharakisha. Ni mara ya kwanza mu maisha yangu sikuharakisha. Nilitaka ile njia iwe murefu.

Mbele, ku banc ya wazazi wa bibi-arusi, hakukuwa muntu. Niliweka bilatu pale, moja pembeni ya ingine, ncha inaangaria padri. Nilikuwa nimeona matone ya matope juu ya ya kuume lakini sikukuwa na kitambaa.

Samuel, ule mulimaji wa mahindi, alitoka fasi yake. Alipiga magoti mbele ya banc, na suruali yake mupya. Alitosha musuara, kitambaa nyeupe ya mufuko, akapanguza bilatu ya kuume ya Papa mpaka ikan'gaa, akasema polepole, sawa muntu iko ndani: "Karibu, tata." Kiisha akarudia kusimama pembeni ya dada yangu.

Mengine ya ndoa, bukari na mbuzi na kucheza, mutauliza benye balikuwako. Mi nilikuwa nimeikala na miguu juu ya kiti.

Kurudia

Siku ya Mungu, ile treni ya labda ilikuya. Niliweka kinga ndani na nikalala. Kiisha ya Tenke ilipita kwa Tata Ilunga bila kusimama, nikaona makala mbele ya nyumba, na muntu wa miguu tupu, na ilikuwa imeshapita.

Papa alikuwa ku mulango. Alichukua bilatu ku shingo yangu, akaigeuza kila upande ku mwangaza.

"Ilifika?"

"Mpaka mbele. Iliikala ku banc ya kwanza."

"Kamba ilifunguliwa na nani?"

"Mi, Papa. Ku kinga haifungwi nguvu."

Aliipeleka karibu na macho. "Ya kuume inan'gaa kuliko ya kushoto. Nani alipanguza?"

"Samuel. Na musuara yake ya ndoa. Alisema: karibu, tata."

Papa aliingia mu nyumba. Hakutoka mpaka kesho yake.

Hiyo kesho, nilikuwa nasafisha kinga. Alikuya na bilatu ku miguu, kamba imelegea, imeanguka pembeni. Aliangaria sandali yangu.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya Tata Ilunga, pale Tenke. Alibakia miguu tupu."

"Muntu habakiaka na bilatu ya muntu," alisema na hasira, sawa mi njo niliiba. "Tutairudisha. Nisha kopa kinga kwa jirani."

"Papa, ni mbali. Iko ku njia ya Lubudi."

"Sikukuuliza ni ku njia ya wapi."

Alipanda kinga yangu ya kukopa pale pale mu parsele ya nyumba, ajaribu, na miguu yake ilitafuta pedali na ncha ya bidole. Nilishusha kiti. Nilishika kisigino yake, nikaisogeza mbele.

"Hapa, Papa. Fasi yenye muguu ni munene."

Alizungusha mara moja, mbili. Na ku kinga ya jirani, yenye ilikuwa imeegemea ku ukuta, niliona nyuma kifurushi imefungwa na shambreri: shati yake nyeupe ya kanisa, na kopo ya siraji.